Onyo la kompyuta kila ukifungua faili ulilopakua: lipi uondoe, lipi uliache

Msimu wa maombi ya vyuo na ajira ukifika, meza yangu ya stesheneri pale Mabatini, Mwanza, hujaa laptopu za watu wenye shida moja. Mmoja kapakua fomu, kila akiifungua Word inamletea utepe wa njano. Mwingine kapakua programu ya printa, mara kioo kinageuka bluu na kumwambia kompyuta yake imelindwa. Ombi lao ni lile lile: "Fundi, niondolee haya maonyo yote, yananichosha."

Nayaondoa, ila si yote, na si kwa kuzima ulinzi. Maonyo mengi yanayokuja ukifungua faili ulilopakua hayakuambii kwamba faili ni baya. Yanakuambia limetoka nje. Ukishajua kompyuta inaijuaje habari hiyo na imeiandika wapi, unaweza kuifuta kwenye faili unaloliamini na kuyaacha mengine yaendelee kupiga kelele, maana kelele hizo unazihitaji.

Chanzo chake ni hiki. Mwaka 2004 Microsoft ilitoa Service Pack 2 ya Windows XP, na tangu hapo kivinjari kikishusha faili kutoka intaneti hulipachika alama isiyoonekana. Haigusi maandishi ya fomu yako. Inakaa pembeni mwa faili, kwenye sehemu iliyofichwa inayoitwa Zone.Identifier, na ndani yake kuna namba. Namba 1 ni mtandao wa ndani wa ofisi, 2 ni tovuti ulizoziamini mwenyewe, 3 ni intaneti, 4 ni tovuti zilizowekewa vikwazo. Ni chata tu, kama ile inayopigwa kwenye gunia bandarini: inasema mzigo umetokea wapi, haijui ndani kuna mchele au bangi.

Chata hiyo unaweza kuisoma. Fungua folda ya Downloads, bofya kwenye mstari wa anwani ulio juu, futa kilichopo, andika cmd, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika dir /r, na chini ya majina ya mafaili uliyopakua utaona mstari wa ziada wenye lile neno Zone.Identifier. Sasa chukua faili moja, tuseme linaitwa fomu.docx, andika:

more < fomu.docx:Zone.Identifier

Jina la faili likiwa na nafasi katikati, zungushia alama za kunukuu jina lote pamoja na hilo neno la mwisho. Itatokea mistari michache: ZoneTransfer kwenye mabano, ZoneId=3, na mara nyingi mstari unaoanza na HostUrl, mbele yake anwani kamili ya kule faili lilikoshushwa. Huo mstari wa HostUrl ndio ninaoupenda kuliko yote. Kuna kijana wa chuo kule Malimbe aliniletea fomu ya mkopo ambayo kompyuta ilikuwa inaikatalia, akaapa kaitoa kwenye tovuti ya bodi ya mikopo. Tukasoma chata pamoja. Anwani ilikuwa ya tovuti ya kugawia mafaili ambayo haina uhusiano wowote na bodi. Alifuata kiungo alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, akaona nembo juu ya ukurasa, akaridhika. Tukalifuta faili lile, tukaingia heslb.go.tz wenyewe.

Hapo nitie neno kidogo kuhusu anwani, maana ndipo wengi wanapopigwa. Taasisi za serikali ya Tanzania zinatumia anwani zinazoishia na .go.tz. Angalia sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti. Kama hapo pameishia go.tz, uko sehemu sahihi. Kama go.tz imepachikwa katikati, halafu mbele yake kuna nukta na jina lingine linaloishia com au xyz, umeingia kwa watu wengine kabisa, hata kama ukurasa una picha ya Bibi na Bwana, yaani nembo ya taifa.

Sasa turudi kwenye maonyo yenyewe. Usiyatibu kwa dawa moja.

Utepe wa njano wa Word na Excel ndio mpole kuliko yote. Ulikuja na Office ya mwaka 2010. Faili lenye chata ya intaneti linafunguliwa kwa kusomwa tu, na kitufe cha "Enable Editing" kinakusubiri. Kama unasoma tu tangazo la kazi au ratiba ya mitihani, usikibonyeze. Soma, funga, endelea na mambo yako. Na ukitaka kuprinti, ukienda sehemu ya kuprinti utakuta kitufe cha "Enable Printing". Mimi naprinti CV za watu kutwa nzima, na hicho ndicho ninachobonyeza, maana CV ya mtu sina sababu ya kuihariri.

Lakini kama ni fomu ya kujaza na umehakikisha ilikotoka, ondoa chata kabisa ili usiulizwe tena. Funga faili kwanza. Libofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", na ukiwa kwenye ukurasa wa kwanza, ule wa "General", tazama chini kabisa. Kuna maneno yanayosema faili hili limetoka kompyuta nyingine na huenda limezuiwa, pembeni kuna kisanduku kimeandikwa "Unblock". Weka tiki, bonyeza OK. Basi. Ukirudia ile amri ya dirisha jeusi utaona mstari wa Zone.Identifier umetoweka. Kama hicho kisanduku hukioni, maana yake faili halina chata, na onyo unaloliona linatoka kwingine. Usipoteze muda hapo.

Utepe mwekundu ni habari nyingine, na hapo huwa nasimamisha kazi nyingine zote. Huo unahusu makro, yaani zile amri zinazofichwa ndani ya Excel au Word ili zifanye kazi zenyewe. Kwa miaka mingi makro ndizo zilizokuwa mlango wa wezi: unatumiwa ankara kwa barua pepe, ndani imeandikwa "bonyeza Enable Content ili uone maandishi", unabonyeza, mchezo umekwisha. Mwaka 2022 Microsoft ikaamua kwamba faili lenye makro na lenye chata ya intaneti linazuiwa moja kwa moja. Utepe mwekundu hauna kitufe cha kuruhusu. Una "Learn More" peke yake, na watu wanakasirika sana.

Dada mmoja anayeshika hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alikuja amevimba. Excel yao ya kupigia mahesabu ya magunia ina makro iliyotengenezwa na kijana wao wenyewe, na kila mwezi kijana anaituma ikiwa imeboreshwa, naye kila mwezi inakataa kufanya kazi. Akaniambia, "Kaka, hii Excel imeniharibikia, niwekee ya zamani." Excel yake ilikuwa nzima. Tulimpigia simu yule kijana hapo hapo, akathibitisha kwamba faili ni lake na ukubwa wake unalingana na alilotuma. Ndipo tukaweka ile tiki ya Unblock.

Kwa kuwa faili hilo linakuja kila mwezi, nilimtengenezea folda moja maalumu, nikaiingiza kwenye orodha ya sehemu zinazoaminiwa. Njia yake: ndani ya Excel nenda "File", halafu "Options", "Trust Center", "Trust Center Settings", "Trusted Locations", kisha ongeza folda yako. Chochote kilichomo humo Excel haikihoji. Ndiyo maana nilimwambia mambo mawili kwa sauti ya kaka mkubwa: humo ndani hakiwekwi kitu kingine zaidi ya faili la kijana wao, na folda ya Downloads haiingizwi kwenye orodha hiyo hata siku moja. Nimeona mtu kaiingiza Downloads. Ni sawa na kuondoa ulinzi wote, tena bila kujua kwamba umeuondoa.

Na ikiwa makro imetoka kwa mtu usiyemjua? Faili la hesabu au barua ya kawaida haihitaji makro ili isomeke. Anayekwambia uiwashe ndipo uone maandishi anataka kukuibia, sina lugha nyingine ya kulisema.

Kwa mafaili yaliyokuja yamefungwa pamoja kwenye zip, ondoa chata kwenye zip yenyewe kabla hujaifungua. Windows ikifungua zip yenye chata inaigawa kwa kila faili lililomo, na utajikuta unaweka tiki moja moja mpaka jua linazama kule Kamanga. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Sengerema alikuja na folda nzima ya mitihani ya miaka ya nyuma ya NECTA aliyotumiwa na mwanawe, kila karatasi inamletea utepe. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi akitegemea kazi itachukua mchana mzima. (Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wateja wa ng'ambo ile wanakuja na kurudi bila kuulizia kivuko, nami nimefaidi.) Kazi kama hiyo ni ya amri moja. Ingia ndani ya folda husika, bofya kwenye mstari wa anwani, andika powershell, Enter, kisha andika:

Get-ChildItem -Recurse | Unblock-File

Inapita folda na vijifolda vyote vilivyomo na kufuta chata. "Imekwisha?" "Imekwisha, mwalimu." Hakuamini, akafungua karatasi tatu nne kuhakikisha. Ila kabla ya kuandika amri hiyo, hakikisha kwa macho uko folda ipi; jina lake linaonekana mwanzoni mwa mstari. Ukiiandika ukiwa Downloads umefuta alama za kila kitu, pamoja na vile ulivyovishusha usiku ukiwa nusu usingizini. Na kabla sijaiandika nilipitia orodha ya mafaili ya mwalimu nikaona yote ni PDF na Word za kawaida, hakuna programu iliyojipenyeza.

Hapo ndipo linapoingia suala la majina. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazosema ni aina gani. Kwa hiyo faili linaloitwa barua.pdf.exe linaonekana kwako kama barua.pdf. Ujanja huo ni wa zamani: Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU, kilichoanzia Ufilipino, kilizunguka dunia kikijifanya barua ya mapenzi ya maandishi matupu, kumbe mwisho wa jina lake kulikuwa na vbs iliyofichwa. Robo karne imepita na bado naukuta. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bofya "View", "Show", halafu weka tiki "File name extensions". Kwenye Windows 10 iko juu kwenye "View" moja kwa moja. Hilo nalifanya kwenye kila laptopu inayopita mezani kwangu, hata mwenyewe asipoomba. Fomu ya kazi inaishia pdf au docx. Ikiishia exe, scr, vbs, js au lnk, haijalishi kompyuta imetoa onyo au imenyamaza, hiyo futa.

Nimesema "imenyamaza" kwa makusudi, maana watu wa huku tunahamisha mafaili kwa flashi kuliko kwa njia nyingine yoyote, na flashi ina tabia yake. Ile chata inahitaji diski iliyopangwa kwa mfumo wa NTFS ili iweze kukaa. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina pa kuiweka. Ukikopi faili kwenda flashi ya namna hiyo, chata inabaki nyuma. Ukilipeleka kwenye kompyuta nyingine litafunguka bila utepe wala swali. Kuna mafundi wanatumia hilo kama dawa: "pitisha kwenye flashi, litafunguka." Kweli linafunguka. Lakini vivyo hivyo linafunguka na faili la kihuni ambalo mwenzako alilishusha jana akakupa kwenye flashi. Utulivu wa kompyuta ukifungua kitu cha flashi usikupe moyo wowote. Na ukichomeka flashi ukakuta folda zako zote zimekuwa na kamshale kadogo pembeni, yaani zimegeuka shotikati, usibofye hata moja. Chomoa, peleka ikasafishwe. Mara nyingi mafaili yako yapo yamefichwa tu.

Kuna onyo la ofisini ambalo ndilo hasa naliita la bure. Ofisi ina kompyuta moja inayotunza mafaili ya wote, na kila mtu akifungua programu au shotikati kutoka pale anaulizwa kama ana uhakika, kila siku, kila mara. Sababu yake ni ndogo mno. Kama kompyuta ile inaitwa kwa namba zake, tuseme 192.168.1.10, Windows ikiona nukta kwenye jina inadhani hiyo ni tovuti ya intaneti. Ikiitwa kwa jina tupu lisilo na nukta, inaitambua kuwa ni ya ndani. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuunganisha upya kwa kutumia jina lake. Ikishindikana, fungua Control Panel, "Internet Options", ukurasa wa "Security", chagua "Local intranet", bofya "Sites", halafu "Advanced", uongeze ile namba hapo. Ukikuta kisanduku kinachodai anwani zianze na https, kiondolee tiki. Maliza, funga, jaribu tena. Kimya. Hapa sina wasiwasi wa kuondoa onyo, kwa sababu mashine ipo chumba cha pili na mnaijua.

Sasa lile dirisha la bluu. Linaitwa SmartScreen, na limekuwamo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Lenyewe haliangalii chata peke yake. Linauliza kwa Microsoft: programu hii inajulikana? Imeshafunguliwa na watu wengi bila matatizo? Aliyeitengeneza ameisaini? Programu mpya ya kijana wa mtaani, hata kama ni njema kabisa, itashindwa mtihani huo, kwa kuwa watu hawajaitumia vya kutosha na saini ya kidijitali inauzwa kwa fedha ambayo watengenezaji wadogo wengi hawaitoi. Ndiyo maana bluu haina maana ya kirusi moja kwa moja. Ukibofya "More info" utaona jina la programu na la mtengenezaji, na kitufe cha "Run anyway" kinatokea.

Mimi kabla ya kukibonyeza naangalia ilikotoka. Dereva ya printa, ile programu inayoiendesha, inatoka kwa mwenye printa, Epson kwa Epson, HP kwa HP. Tovuti zile zinazojaa vitufe vikubwa vya kijani vya "Download" kila kona huwa siziingii, kwa sababu katika vitufe vyote hivyo huwezi kujua kipi cha kweli. Kisha nafungua "Properties" ya faili na kutafuta ukurasa wa "Digital Signatures": upo, na jina lililomo ni la kampuni ninayoitarajia? Nikibaki na shaka naipeleka kwenye VirusTotal, tovuti ya bure inayolipitisha faili kwenye antivirasi nyingi kwa mpigo. Mbili tatu zikilalamika kati ya nyingi, huwa natafuta habari zaidi. Zikilalamika kumi na kuendelea, naachana nayo. Angalizo: usipandishe huko CV, kitambulisho, mkataba wala hesabu za biashara. Kinachopandishwa kule wengine wanaweza kukiona. Peleka programu, usipeleke siri.

Kwenye kraki, yaani vile vijiprogramu vya kuvunja leseni, sitabembeleza mtu. Najua bei ya Office halali inavyouma, na najua nusu ya laptopu zinazopita Makoroboi zina Office ya kuchakachua. Lakini maelekezo ya kraki huanza na sentensi moja: zima antivirasi kwanza. Mtu usiyemjua, asiyekudai wala kukufahamu, anakupa kitu cha bei mbaya bure na sharti lake ni ufunge macho. LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word na Excel. Kwa kuandika barua, CV na hesabu za duka inatosha sana. Wateja wanaoikubali ni wachache, lakini hao wachache hawarudi kwangu kulia.

Kuna maonyo mengine ambayo hayatoki kwa kompyuta yenyewe kabisa. Yanajitokeza kona ya chini kulia: "Kompyuta yako ina virusi vitano! Bofya hapa!" Mara nyingi yanawapata vijana wanaotafuta sehemu za kutazama mpira bure. Tovuti iliwaomba ruhusa ya kutuma taarifa, wakabonyeza "Allow" ili video ianze, na tangu siku hiyo hawalali. Ukiangalia kwa makini kisanduku hicho kina jina la Chrome na anwani ya tovuti, si jina la antivirasi yako. Ndani ya Chrome nenda kwenye mipangilio, "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", utaikuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Ondoa zote usizozijua. Likija lile linalojaza kioo kizima na kupiga kengele likikutaka upige simu, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Likigoma, Ctrl, Shift na Esc, uifunge Chrome kutokea huko. Usipige simu hiyo.

Kwenye simu nitapita haraka. Android ikikuambia simu yako haijaruhusiwa kusakinisha programu kutoka chanzo hiki, na chanzo chenyewe ni faili la APK ulilotumiwa WhatsApp, hilo onyo liheshimu. Programu ya namna hiyo ikiomba kusoma meseji zako, inaomba kuona meseji za benki na za miamala yako ya simu. Programu za mikopo ndizo hatari zaidi: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Na kama kweli ulilazimika kusakinisha APK ya kazini, rudi kwenye mipangilio baadaye ukaifunge ruhusa uliyoipa WhatsApp au programu yako ya mafaili. Wengi huiacha wazi.

Wenye Mac ni wachache mezani kwangu, ila kwa faida yao: tangu macOS Sequoia ya mwaka 2024 ule ujanja wa kufungua programu iliyozuiwa kwa kuibofya huku umeshika Control haufanyi kazi tena. Jaribu kuifungua programu, ikatae, kisha nenda System Settings, "Privacy & Security", ushuke chini ubofye "Open Anyway".

Jingine jipya linalowachanganya watu: tangu masasisho ya Windows ya Oktoba 2025, ukichagua PDF uliyopakua ukitegemea kuichungulia pembeni mwa folda bila kuifungua, unaambiwa faili linaweza kudhuru kompyuta yako. PDF haijaharibika. Ni chata ile ile. Ifungue kawaida, au weka tiki ya Unblock kama unaiamini na unataka kuichungulia.

Kuna njia ya kuiambia Windows isipachike chata kamwe, kwa kuchezea rejista, yaani ghala la mipangilio ya ndani ya Windows. Naijua na sikuandikii hapa. Laptopu nyingi ninazoletewa zikiwa zimejaa takataka ni zile ambazo fundi mwingine alishazinyamazisha: chata haipachikwi, SmartScreen imezimwa, na mwenyewe anafurahia utulivu mpaka siku mafaili yake yanapofungwa akadaiwa pesa. Kama yako ilifanyiwa hivyo, au hujui walichoifanyia, anza hivi. Fungua Windows Security, ingia "App & browser control", halafu "Reputation-based protection", uwashe vyote vilivyozimwa. Kisha rudi Control Panel, "Internet Options", "Security", ubofye "Reset all zones to default level". Zima na kuwasha. Baada ya hapo shusha faili lolote dogo kutoka tovuti unayoiamini, fungua dirisha jeusi, andika dir /r. Kama mstari wa Zone.Identifier umetokea, mambo yamekaa sawa. Usipotokea, yule fundi aligusa rejista, na hapo ilete laptopu yenyewe au mpelekee fundi unayemwamini, pamoja na nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje.